Pikipiki ya Mwanagenzi: Sura ya Kale na Hesabu Zake

Kwa miaka kadhaa sasa viwanda vikubwa vya pikipiki duniani vimekuwa vikitengeneza mashine mpya zenye sura ya kale. Tangi la mafuta lenye umbo la tone la maji, taa moja ya duara, kiti kilicholala, magurudumu ya spoki, injini yenye mapezi ya kupozea: yote hayo yamerudi kana kwamba miaka sitini haikupita. Mwaka 2018 Honda ya Japani ilitoa Super Cub C125 na Monkey 125. Mwaka 2021 Yamaha ikatoa XSR125, na katika mwaka huo huo Royal Enfield ya India ikaiunda upya Classic 350, ikafuatiwa na Hunter 350 mwaka 2022. Matangazo ya mashine hizi huwalenga hasa vijana na watu ambao hawajapata kuendesha pikipiki maishani mwao. Huambiwa kwamba mashine yenye sura ya upole ina tabia ya upole.

Je, ni kweli? Swali hili si la urembo. Ni swali la fizikia, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anazo karibu zana zote za kulijibia. Tena si swali dogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021, na katika kila watu mia moja waliokufa, 21 walikuwa juu ya vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma makala haya wako ambao watanunua pikipiki kabla ya kununua kitanda. Hapana budi wajue wanachokinunua.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba sura hiyo ya kale haikubuniwa na wachoraji wa matangazo. Royal Enfield ilianza kutumia jina la Bullet huko Uingereza mwaka 1932, na kuanzia mwaka 1955 pikipiki hiyo ikaanza kuundwa Madras, mji unaoitwa Chennai hivi leo. Super Cub ya kwanza ilitoka mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimepita milioni mia moja. Mwendeshaji aliketi wima kwa sababu barabara zilikuwa mbovu na ilimpasa aone mbali. Mapezi ya silinda yalikuwepo kwa sababu hewa ndiyo iliyopoza injini. Pistoni ilikwenda mwendo mrefu na wa polepole kwa sababu vyuma na oili vya zama zile havikustahimili kasi kubwa. Kila kiungo kilikuwa jibu la swali fulani. Kazi ya mnunuzi wa leo ni kuuliza ni majibu yapi bado yanafaa, na yapi yamebaki kuwa mapambo.

INJINI

Tuanze na injini, maana hapo ndipo sura ya kale inapostahili sifa. Silinda ya Classic 350 ina kipenyo cha milimita 72, na pistoni yake husafiri milimita 85.8. Kwa kanuni ya ujazo wa mcheduara mwanafunzi atapata sentimita za ujazo 349, na atatambua kwamba safari ya pistoni ni ndefu kuliko upana wa silinda. Injini ya namna hii hutoa kani yake kubwa ya kusokota, yaani nyutonimita 27, krenki ikizunguka mara 4,000 tu kwa dakika. XSR125 hutoa nyutonimita 11.5, na ili izitoe lazima izunguke mara 8,000.

Uwezo wa injini, yaani kazi inayofanywa kwa sekunde moja, ni zao la kani ya kusokota na kasi ya mzunguko ikipimwa kwa radiani. Mizunguko 4,000 kwa dakika ni radiani 419 kwa sekunde. Kwa hiyo Classic ikiwa katika mwendo huo hutoa wati 11,300 hivi. XSR125 ikiwa katika mizunguko hiyo hiyo haiwezi kupita wati 4,800, hata tukiikopesha kani yake yote. Tukimpandisha mwendeshaji wa kilo 65 juu ya kila moja, Classic yenye kilo 195 itapata wati 43 kwa kila kilo, na XSR yenye kilo 140 wati 23.

Maana yake kwa mwanagenzi ni hii. Mtu anayejifunza huachia klachi kwa pupa, husahau kushusha gia kwenye kona, huanza kupanda mlima akiwa na gia ya tatu. Injini ya mwendo wa polepole humsamehe. Hukohoa kidogo, ikaendelea. Injini ndogo ya mwendo wa kasi humzimikia katikati ya njia panda, huku lori likipiga honi nyuma yake. Dawa ya mwanagenzi huyo ni kuvuta mafuta mengi zaidi kuliko anavyohitaji, na hapo pikipiki humtoka mbele kwa kishindo.

Lakini hapa ndipo wauzaji wanapochanganya mambo. XSR125 ina sura ya kale, ila injini yake ni ile ile inayotumika katika pikipiki za Yamaha za mtindo wa mashindano za ujazo huo. Hufikia uwezo wake wa kilowati 11 ikizunguka mara 10,000 kwa dakika. Ni koti la babu juu ya mabega ya mjukuu. Si mashine mbaya hata kidogo, na mimi naipenda, lakini anayeinunua kwa kudhani kwamba taa ya duara ni dalili ya upole amedanganyika. Kilowati 11, kwa njia, ndicho kikomo kilichowekwa na sheria za Ulaya kwa leseni ya pikipiki zisizozidi ujazo wa 125. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilizoea kuwaona vijana wenye herufi L nyekundu nyuma ya pikipiki za daraja hilo, na nilivutiwa na jinsi walivyobishana kutwa kuhusu rangi ya tangi, bila hata mmoja wao kutaja uzito.

UZITO

Na uzito ndio unaowaangusha wanagenzi wengi, tena pikipiki ikiwa imesimama. Chukua Classic ya kilo 195 na Super Cub C125 ya kilo 110. Tuseme kitovu cha graviti cha ile ya kwanza kiko nusu mita juu ya ardhi, na cha ya pili sentimita 45. Mwendeshaji amesimama kwenye mteremko wa ubavuni, mguu mmoja umeteleza, na pikipiki imeinama digrii 10. Momenti inayoivuta ianguke ni uzito mara kimo cha kitovu mara saini ya digrii 10. Kwa Classic tunapata nyutonimita 166. Kwa Super Cub 84. Ikiwa usukani uko mita moja juu ya ardhi, mkono wa mwendeshaji hauna budi kuzuia kani ya nyutoni 166 kwa ile na 84 kwa hii, sawa na kushikilia mzigo wa kilo 17 au kilo 9. Yote mawili yanawezekana. Sasa iache iiname digrii 20. Classic inadai kilo 33, kwa mkono mmoja, pembeni, bila onyo. Msichana au mvulana wa kilo 55 hawezi.

Kwa sababu hiyo kimo cha kiti si jambo la starehe. Kiti cha Classic kiko milimita 805 kutoka ardhini, cha Super Cub C125 780. Tofauti ya sentimita mbili u nusu yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti baina ya kukanyaga kwa wayo mzima na kukanyaga kwa vidole. Ajaribuye pikipiki dukani na aivae ile viatu atakavyoendeshea, aketi, kisha aiinamishe kidogo kila upande. Asitosheke kuketi tu na kupigwa picha.

Huu basi ndio mgongano wa kwanza. Injini iliyo pole kupita zote imefungwa ndani ya mwili mzito kupita wote. Maneno ya tangazo hayawezi kuusuluhisha; kila mwanagenzi ataupima kwa mikono na miguu yake.

BREKI

Mambo ya breki yanahitaji utulivu, kwani hapa sura ya kale haina utetezi wowote.

Pikipiki inapofunga breki, uzito wake husogea mbele. Kiasi kinachosogea ni uzito wote, ukizidishwa kwa mchapuko wa kupunguza mwendo uliogawanywa kwa g, kisha kwa uwiano wa kimo cha kitovu cha graviti na umbali baina ya ekseli mbili. Tuseme kitovu, mwendeshaji akiwa juu, kiko mita 0.6, na ekseli zimeachana mita 1.37, uwiano wake ni 0.44. Ikiwa pikipiki inapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kwa sekunde, ambacho ni kiasi kinachowezekana kwenye lami kavu, takriban asilimia 31 ya uzito wote itasogea mbele. Kama mwanzoni magurudumu yaligawana nusu kwa nusu, sasa la mbele linabeba asilimia 81, la nyuma 19 tu.

Gurudumu lisilo na uzito halina msuguano, na lisilo na msuguano halisimamishi kitu. Hata hivyo wanagenzi wengi hukanyaga breki ya nyuma peke yake, kwa kuwa wameonywa na rafiki zao kwamba ya mbele itawapindua. Tuhesabu gharama ya onyo hilo. Kwa uwiano wa msuguano wa 0.8, breki ya nyuma pekee haiwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya mita 2.9 kwa sekunde kwa sekunde. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuithibitisha nambari hiyo, mradi wakumbuke kwamba kadiri breki inavyokaza ndivyo gurudumu la nyuma linavyopoteza uzito. Kutoka mwendo wa kilometa 50 kwa saa, anayetumia breki zote mbili vema atasimama ndani ya mita 14. Anayetumia ya nyuma pekee atahitaji mita 33. Na kabla ya hesabu zote hizo kuanza, kila mmoja wao ameshasafiri mita 14 katika sekunde moja ya kushtuka.

Mtoto aliyevuka barabara mita 30 mbele yao anakutana na mmoja aliyesimama, na mwingine ambaye bado anakuja kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa.

Onyo la rafiki, hata hivyo, lina chembe ya ukweli. Breki ya mbele ikishikwa kwa hofu hufunga gurudumu kabla uzito haujawahi kusogea, na gurudumu la mbele likifunga pikipiki hulala chini mara moja. Ndiyo maana ulibuniwa mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, ujulikanao kwa herufi ABS. Kifaa kidogo huhesabu meno ya pete inayozunguka na gurudumu. Kikiona gurudumu linapunguza kasi ghafla kuliko iwezekanavyo kwa pikipiki yenyewe, vali hufunguka na kulegeza breki, kisha huikaza tena, mara nyingi katika kila sekunde. Taasisi ya Bima ya Usalama wa Barabara Kuu ya Marekani ililinganisha pikipiki za aina moja zenye mfumo huo na zisizo nao, ikaona kwamba zenye nao zilikuwa na ajali za vifo pungufu kwa takriban asilimia 22. Umoja wa Ulaya uliulazimisha mfumo huo kwa pikipiki mpya zote zinazozidi ujazo wa 125 kuanzia mwaka 2017, na India ikafanya hivyo mwaka 2019.

Hapa kuna jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Hunter 350 ilipotoka nchini India mwaka 2022 iliuzwa katika matoleo mawili, Retro na Metro. Ile iliyoitwa Retro, ndiyo yenye sura ya kale zaidi na bei nafuu zaidi, ilikuwa na spoki, breki ya ngoma nyuma, na ABS kwenye gurudumu la mbele tu. Metro ilikuwa na rimu za aloi, diski mbele na nyuma, na ABS kwa magurudumu yote mawili. Injini ni moja. Mnunuzi aliyependezwa na ukale alipewa ukale hadi kwenye breki.

MAGURUDUMU

Spoki zinapendeza macho, tena zina faida: rimu ikipinda shimoni, fundi wa kijijini huinyosha kwa kukaza hapa na kulegeza pale, ilhali rimu ya aloi ikipasuka imekwisha. Lakini spoki za kawaida hupita kwenye matundu ya rimu, na matundu hayashiki hewa, kwa hiyo lazima uwe na tyubu. Msumari ukiingia, tyubu huweza kuisha upepo ghafla. Tairi lisilotumia tyubu huung'ang'ania msumari na kuvuja taratibu, likampa mwendeshaji nafasi ya kujiweka kando. Kwa anayeishi mbali na mji huenda nikamshauri achukue spoki na kubeba viraka. Kwa anayetumia barabara kuu, la.

Ukubwa wa gurudumu una uzito zaidi. Monkey 125, ambayo babu yake alitengenezwa mwaka 1961 kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech huko Tokyo, ina magurudumu ya inchi 12. Nusu kipenyo cha tairi lake ni sentimita 25 hivi; cha tairi la mbele la Classic, lenye rimu ya inchi 19, ni sentimita 33. Yote mawili yakigonga ukingo wa shimo wenye kimo cha sentimita 5, kwa kanuni za wenzo gurudumu dogo huhitaji kani ya mlalo sawa na asilimia 75 ya uzito lililobeba ili lipande. Kubwa huhitaji asilimia 62. Monkey ni kichezeo kizuri cha barabara laini. Barabara zetu ni za namna nyingine.

PIKIPIKI YA KALE KWELI

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kutabasamu anapoona watu wa Ulaya wakilipia sura ya kale, kwa sababu pikipiki ya kale kweli hupita mlangoni kwake kila siku. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125. Wahandisi walikuwa wameona kwamba injini yao ya wakati huo, yenye kemu juu ya silinda, iliharibika upesi katika nchi ambako pikipiki ilibebeshwa mizigo mizito na oili ikacheleweshwa. Wakarudi nyuma kwa makusudi. Wakaiweka kemu chini, karibu na krenki, ambako oili haikosekani, na vali zikasukumwa kwa fito. Cheni ya nyuma wakaifunika yote isiingie vumbi. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa mamilioni, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia kwetu tangu miaka ya 2000 ni za ukoo wake.

Kwa mwanagenzi wa Dodoma au Kisumu, mashine ya ukoo huu ina karibu kila jema la sura ya kale, yaani kuketi wima, wepesi, magurudumu makubwa, na injini ambayo fundi wa mtaani anaijua hata gizani. Kasoro yake ni ile ile ya zama zake: nyingi zina breki za ngoma mbele na nyuma, na ngoma ikipata joto kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu. Ukipata yenye diski mbele, hata kwa bei ya juu kidogo, ichukue. Mimi ningeanza na hiyo kabla ya kuitazama Classic, na pesa zitakazobaki zinunue kofia ngumu inayobana kichwa barabara. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna pambo la pikipiki linalokaribia nambari hizo.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo moja ambalo duka halimwonyeshi mtu. Tafuta mizani ya kupimia magunia na ubao wa kimo sawa nayo. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani na la nyuma juu ya ubao, mwendeshaji akiwa ameketi na wenzake wawili wakiishika pikipiki isianguke bila kuiegemea. Soma, kisha geuza. Tuseme mbele ni kilo 75 na nyuma kilo 100, na ekseli zimeachana mita 1.25. Kwa kanuni ya momenti, kitovu cha graviti kiko sentimita 54 mbele ya ekseli ya nyuma. Sasa pandisha abiria wa kilo 65 kwenye kiti cha nyuma, sentimita 15 tu mbele ya ekseli hiyo, upime tena. Gurudumu la mbele litasoma kilo 83 hivi. Katika kilo 65 zilizoongezwa, gurudumu linaloongoza pikipiki na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki limepata kilo 8; zilizobaki, 57, zimelalia tairi la nyuma. Waulize wanafunzi usukani utakuwaje mwepesi pikipiki hiyo ikipanda mlima, kisha rudieni jaribio kwa gunia la mahindi.